Mashine na Kikombe Chake

4 Machi

Kinda langu,

Mashine imefika tangu tarehe mosi. Sikukuandikia siku ileile kwa sababu watu walikuwa hawaishi mlangoni. Gari la vifurushi lilisimama mbele ya nyumba na dereva akashindwa kuishusha peke yake, basi nikaita msaada, na nilivyoita, niliita kwa sauti ya kumfikia hata asiyehusika. Kila aliyeshika kona ya boksi nilimwambia: hii imetoka kwa kitindamimba wangu, mpima maji, mshahara wake wa kwanza huu. Mji mzima haunywi maji mpaka yeye aseme yanywewe. Wengine walishajua. Nikawaambia tena.

Jirani yangu wa saluni alikuja akiwa na miwani yake mikubwa kama madirisha. Si ndiye aliyesema kununua kitu kwenye simu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia? Alizunguka meza mara mbili, akagusa gurudumu. Nilimpa kiti akae na wivu wake vizuri.

Unauliza inashonaje. Inakimbia, mwanangu. Inakimbia mpaka mguu wangu, uliozoea kukanyaga ile ya zamani, unaona haya. Marinda ya shule ambayo huwa nayamaliza siku tatu, sasa hata sijui nifanye nini na muda unaobaki.

Usiwe unapiga simu mara kwa mara, mtandao wa huku umekuwa mbaya. Andika barua. Barua mtu unaiweka kwenye kopo, ukiwa na upweke unaisoma tena.

Mama yako,
na hakuna mama mwingine mtaani aliyeletewa mashine na bintiye

*

4 Machi

Kwa wenye duka lisilo na mlango,

Nawaandikia kwa karatasi kwa sababu namba yenu ya simu nimeipiga, sauti ikaniambia nibonyeze moja, kisha mbili, kisha tisa, nikabonyeza mpaka kidole kikaota sugu, mwisho ikaniaga. Anwani hii nimeitoa ubavuni mwa boksi.

Mashine yenu ni mbovu. Inashona hatua nne, ya tano inatafuna. Uzi wa chini unakatika, wa juu unajirundika chini ya kitambaa kama nywele zilizotolewa kwenye kitana. Nimebadilisha sindano. Nimebadilisha uzi. Nimelegeza, nimekaza, nimeipaka mafuta, nimeibembeleza. Msije mkaniambia sijui kutumia. Nina miaka thelathini na moja kwenye cherehani, na natunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Nataka pesa irudi. Yote. Namba ya agizo nimeiandika chini, na namba iliyogongwa tumboni mwa mashine ninayo pia kwenye daftari. Dereva wenu ndiye aliyenisomea, maana mwanga wa saa ile ya mchana haukuwa mzuri. Nimeiandika ili msije mkaniambia mashine yangu ni nyingine.

Na nawaomba jambo hili liwe baina yangu na ninyi.

Fundi cherehani,
Mama wa Mpima Maji

*

8 Machi

Mteja wetu,

Tumepokea barua yako ya tarehe 4 Machi na tunasikitikia usumbufu ulioupata. Ombi lako limefunguliwa chini ya namba ya agizo uliyotutajia.

Rejesho la pesa linawezekana iwapo bidhaa itafika ghalani kwetu ndani ya siku thelathini tangu kupokelewa, yaani kabla ya kufungwa kazi tarehe 31 Machi. Gari letu litapita kwako kuichukua bila malipo. Tafadhali jaza fomu iliyoambatanishwa. Masharti yote yako nyuma ya fomu.

Asante kwa subira yako.

Mhudumu, Meza ya Marejesho

*

10 Machi

Wewe unayejiita Mhudumu,

Kwanza nataka kujua kama wewe ni mtu. Barua yako imenyooka sana. Mtu akisikitika huwa anakosea hata neno moja.

Fomu nimeijaza. Nyuma yake kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa. Mwenye nia njema huandika herufi za kuonekana. Mwenye kuficha ndiye anayeandika hivyo, ili kesho aseme, lakini tulikuandikia. Sikuyasoma na sitayasoma. Si kwamba siwezi.

Mashine nimempa dereva. Nimemwambia asaini kwenye daftari langu, akasaini, nikamwambia aandike na saa, akaandika, nikataka aandike na namba ya gari, akaniuliza, mama, kwani nachukua mashine au nachukua maiti? Nikamwambia hata maiti huandikiwa.

Nyote nimewajua ninyi. Mnachukua mashine, mnakaa kimya, siku thelathini zinapita, mimi nabaki na boksi la kuwekea kuni. Lakini mimi si wa jana. Nimechukua tahadhari zangu na sitawaambia ni zipi. Mjue tu kwamba zipo.

Mama wa Mpima Maji

*

12 Machi

Mama, shikamoo.

Nimekupigia mara tatu, hupokei, na kesho yake unaniletea barua kwamba mtandao mbaya. Haya, naandika.

Hapa kazini wananipa sasa zamu ya kuchota sampuli kwenye matangi ya juu. Napanda ngazi ya chuma na chupa zangu kiunoni, nafikiria ungeniona ungepiga yowe.

Mashine ipo, mama? Nauliza tu. Inakupendeza? Kama haikukaa vizuri mkononi, au kama kuna kitu kingine unachokihitaji zaidi yake, niambie, sitakasirika. Kama kuna shida ya pesa hapo nyumbani pia niambie. Nipigie picha ukiwa umeikalia.

Likizo yangu inaanza tarehe 20 Aprili. Nataka kuja nikuone ukishona.

Kitindamimba wako

*

15 Machi

Kinda langu,

Marahaba. Shuka kwenye hiyo ngazi. Kama maji yanataka kupimwa, yashuke yenyewe.

Sasa nisikilize. Nani amekuandikia? Mtoto haamki tu asubuhi akauliza kama mashine ipo. Kuna mdomo umefika huko. Mimi namjua mwenyewe, ana viti viwili vya kusukia na ndoo moja ya maneno. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Juzi alipita, akachungulia dirishani, akasema, mbona sisikii mlio wa ile mpya? Nikamwambia mashine za kisasa hazina mlio. Akaniangalia.

Mashine ipo. Inakimbia. Nimeifunika shuka kwa ajili ya vumbi. Picha haitawezekana kwa sasa, kioo cha simu yangu kina ukungu. Shida ya pesa sina. Nikiwa na shida nitakwambia, kwani mimi na wewe tunafichana nini?

Na hiyo likizo, mwanangu, pumzika hukohuko. Nyumba inapakwa rangi. Harufu ni kali.

Mama yako

*

17 Machi

Mteja wetu,

Bidhaa yako ilifika ghalani tarehe 12 na kukaguliwa. Matokeo ni kama ifuatavyo.

Fundi wetu ameishonea mita kumi za kitambaa chepesi na mita kumi za kitambaa kizito. Uzi haukukatika hata mara moja. Mashine ni nzima.

Aidha, imebainika kuwa bidhaa imerudishwa bila kikombe cha bobini, yaani kile kipande kidogo cha chuma kinachobeba kigurudumu cha uzi wa chini (bobini) chini ya sindano. Fundi alilazimika kutumia kikombe cha karakana yetu ili aweze kuijaribu. Sharti la tatu nyuma ya fomu linataka bidhaa irudi na vipande vyake vyote. Kukosekana kwa kipande kunaashiria kwamba huenda bidhaa ilifunguliwa kwa ajili ya kutolewa vipuri.

Kwa sababu hizo mbili ombi lako limekataliwa. Unaweza kutoa maelezo kabla ya tarehe 31 Machi.

Mhudumu, Meza ya Marejesho

*

19 Machi

Mhudumu,

Mimi mwizi. Miaka thelathini na moja watu wananiachia vitambaa vyao, na kikibaki kipande cha kutosha mfuko mmoja narudisha kipande, leo mimi ndiye mtoa vipuri.

Kikombe ninacho. Sijakificha, nimekihifadhi. Kipo kabatini, ndani ya kopo la vifungo, kimefungwa kwenye kitambaa laini. Nilikitoa mwenyewe kabla dereva hajafika, na ningekitoa tena. Kama wewe ungekuwa umefundishwa kazi na aliyenifundisha mimi, ungejua. Siku ya kwanza, kabla hata hajatuonyesha kutunga uzi, mwalimu wetu wa ushonaji alitusimamisha mbele ya mashine akatuambia: mashine ikienda kwa fundi, kikombe kinabaki nyumbani. Maana fundi akiona kikombe kizuri anakichomoa, anakutilia kizee kilichochoka, wewe unarudishiwa mashine inakohoa na hujui kwa nini. Mashine zote hufanana usoni. Kikombe ndicho moyo wake. Utamwachia mtu moyo wako mezani uende nyumbani ukalale?

Sasa hilo la mita ishirini. Hapo ndipo nimewakamata. Mashine niliyowapa haishoni hatua tano, yenu inashona mita ishirini. Basi si ileile. Mmebadilisha. Nzima mmeijaribu, mbovu yangu mmeitupa pembeni au mmemuuzia mwenzangu mwingine. Nitajieni namba ya tumboni, sasa hivi, kwa herufi kubwa, tuilinganishe na daftari langu.

Na kikombe sikitoi. Ndicho kitu pekee kilichobaki mkononi mwangu. Siku pesa itakapofika, nacho kitafika.

Mama wa Mpima Maji

*

22 Machi

Mama,

Namba ya tumboni ni 7 0 4 4 1 9. Nimeandika kwa herufi kubwa, na barua hii yote pia.

Ndiyo, mimi ni mtu. Nakaa meza ya nne, karibu na mlango, na barua za karatasi huletwa kwangu kwa sababu nilikuwa mgeni kazini na hakuna mwingine aliyezitaka. Ni zako peke yako.

Barua yako ya mwisho nilishindwa kuijibu kwa masharti, nikaipeleka karakana, nikamsomea mzee anayekagua mashine zinazorudi. Nilipofika kwenye kopo la vifungo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Anakusalimu sana. Anasema kabla ya kuja hapa alikuwa fundi wa mtaani miaka mingi, na vikombe alivyowabadilishia watu anaomba asije akaulizwa idadi yake. Anasema mwalimu wako aliwajua.

Kisha akaacha kucheka akaniambia nikuulize jambo. Mashine ni ileile, namba utaiona. Kwako ilikula uzi, kwetu haikula. Kitu kilichotofautiana ni kimoja tu. Je, mgonjwa si kile kilichobaki nyumbani? Anakuomba uchukue pamba kidogo, uisokote iwe nyembamba, uipitishe taratibu kwenye ukingo wa kikombe pale uzi unapotokea. Kikiwa kizima, pamba itateleza.

Likithibitika, ombi linaweza kufunguliwa upya, lakini kikombe lazima kiwe mkononi mwa mzee kabla ya tarehe 31. Nikisema pesa ifike kwanza nitakuwa nakudanganya.

Jambo jingine liko nyuma ya fomu, sharti la tano. Pesa hurudi kwa aliyelipa. Aliyelipa ni binti yako. Kurudishiwa pesa au kutengenezewa mashine ni uamuzi wake.

Mhudumu wa meza ya nne

*

24 Machi

Mwanangu wa meza ya nne,

Namba ni ileile. Nimemwita dereva wenu akanilinganishia.

Pamba niliipitisha jana, nikiwa nimefunga mlango. Ikanasa. Nikasema ni mkono wangu. Nikaigeuza, nikaipitisha upande wa pili, ikateleza vizuri, nikarudi palepale, ikanasa. Nikapitisha ukucha, ukasikia kijiba, kidogo kuliko punje ya chumvi. Nilitoka nacho nje kwenye jua la saa sita. Nikakisogeza karibu na jicho, nikakipeleka mbali. Sikukiona. Ukucha unakisikia na jicho halikioni. Nilikaa pale kizingitini muda mrefu, jirani wa saluni akauliza natafuta nini, nikamwambia hakuna, nacheza na jua.

Kwa hiyo mwambie mzee wa karakana hivi. Nimempeleka mgonjwa hospitali, ugonjwa nimeufungia kabatini, nikawatukana madaktari kwa kutouona. Nilikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako, nikafikiri ni nguo ya mtu mwingine.

Kikombe nimempa dereva, ndani ya bahasha hii. Safari hii sikumsainisha. Alishangaa, akauliza kama naumwa. Mjue sijawahi kufanya hivi maishani mwangu, na kama mtanidhulumu, basi mtakuwa mmenidhulumu nikiwa nimewaamini, ambayo ni dhuluma mbaya zaidi.

Sasa nina ombi, na hili si la fundi, ni la mama. Msimuulize binti yangu. Ule ulikuwa mshahara wake wa kwanza. Alipoanza kazi nilimwambia ajinunulie viatu, hakununua, akaninunulia mashine. Nikimwambia ilikuja mbovu, nitakuwa nimemwambia viatu vyake havikuwa na maana. Mimi nimemwandikia kwamba inakimbia. Nimeandika mara mbili. Mtaa mzima nimeuambia. Nitafutie njia nyingine, hata kama haiko nyuma ya fomu.

Mama

*

27 Machi

Mama,

Kikombe kimefika jana. Mzee amekiweka chini ya kioo cha kukuzia, akaniita nikaona mwenyewe. Chembe ya chuma imebaki ukingoni tangu kiwandani. Ameandika kwa mkono wake: kasoro ni yetu. Ombi limekubaliwa siku nne kabla ya muda kwisha.

Kuhusu binti yako, nimezunguka na jambo hili siku nzima na ninafanya sasa nisilotakiwa kufanya.

Njia nyingine haipo, na haikuhitajika. Ombi likifunguliwa chini ya agizo, taarifa hujituma yenyewe kwenye simu ya aliyenunua, na kila hatua baada ya hapo. Binti yako amejua tangu tarehe 8. Alijua mashine ilipochukuliwa. Alijua tulipokataa. Tarehe 18 alituandikia, na maneno yake nayanakili kama yalivyo:

"Huyo ni mama yangu. Akisema mbovu, ni mbovu, hata mita zenu ziseme nini. Na kama si mbovu, ila zawadi yangu haikumfaa, basi mpeni pesa achukue anachotaka. Msimwambie kwamba najua."

Hili la mwisho ndilo nimelivunja. Nimeona mkiendelea hivi, mmoja anafunika huku na mwingine anafunika kule, mtakaa miaka. Hata kwetu tuliwahi kufunikana hivyo.

Sijapata uamuzi wake bado. Nadhani anakusubiri wewe.

Mhudumu wa meza ya nne

*

28 Machi

Kinda langu,

Meza haina kitu. Shuka nililokwambia limefunika mashine limefunika kikapu cha marinda, ili mtu akichungulia aone kimo.

Mashine ilikula uzi tangu siku ya kwanza. Watu walipokuwa bado wamesimama na jirani wa saluni yuko kwenye kiti, nilishona hatua nne, nikasikia ya tano inavyokuja, nikainua mguu, nikawaambia imetosha kwa leo, bado ina uchovu wa safari. Wakacheka. Nikacheka nao. Walipoondoka nilikaa nayo mpaka chakula kikaungua.

Sikukwambia. Nilijua ukinipigia utasikia sauti yangu, ndiyo maana nikaanza kusifu barua. Nilisema nyumba inapakwa rangi, halafu nikaona uongo ukiwa uchi sana unaonekana, nikanunua kopo dogo nikapaka mlango. Mlango tu. Ni wa buluu.

Kumbe wewe ulikuwa unajua, unaniandikia kama mkaguzi anayezunguka tangi, mashine ipo mama, inakupendeza mama. Nilidhani kuna mtu amekupenyezea habari. Nimenuniana na jirani wiki mbili bila kosa. Sasa itabidi nikasuke kwake, na bei yake si ndogo.

Unisikie vizuri hapa, maana sitalisema mara ya pili. Zawadi yako sikuikataa. Niliirudisha kwa sababu niliitaka nzima. Ungeniletea sindano moja ningeitangaza vilevile.

Ubovu ulikuwa kwenye kikombe, na kikombe nilikibania mimi. Mzee wa karakana amekwambia nini sijui, lakini lililo langu ni hili. Kijiba kile fundi yeyote angekiona. Mimi sikukiona. Ni muda sasa. Uzi natunga kwa kulamba na kubahatisha, mara nyingine nasubiri watoto watoke shule wanitungie, nawaambia nawafundisha kazi. Barua zako nazisoma kwa kuzipeleka mbali kama mtu anayefukuza moshi. Huyo anayejisifu hana miwani, sasa unajua kwa nini anajisifu.

Uamuzi ni wako. Ukichukua pesa sitanuna. Ukiniuliza moyo wangu, nitakwambia mashine ilikuwa nzuri.

Mama yako

*

1 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma juu ya tangi, na nimeshuka ngazi salama.

Nilidhani huitaki. Taarifa ya kwanza ilipoingia nilikuwa nimeshika chupa ya sampuli, ikanidondoka. Nikasema, mama ana deni mahali, ameona haya kuniomba, anageuza zawadi iwe pesa. Au nikasema nimemnunulia kitu cha kujionyesha kwa wenzangu badala ya kumuuliza anataka nini. Kisha zikawa zinakuja barua zako, inakimbia, inakimbia. Usiku nilikuwa nazisoma nikitafuta mahali ulipokosea neno. Hukukosea hata moja. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Nimechagua pesa, na zimerudi zote jana. Usinune, soma mpaka mwisho. Mhudumu wa meza ya nne amenieleza kwamba mashine zilizorudishwa zikatengenezwa huuzwa upya kwa bei ya chini. Nimeinunua ileile. Mzee ametia kikombe kipya, na anasema amekijaribu kwa pamba mara tatu kwa heshima yako.

Pesa iliyobaki ni ya daktari wa macho. Nimekupangia tarehe 8, saa tatu asubuhi, kliniki ile iliyo nyuma ya ofisi ya posta. Nimemwomba jirani wa saluni akusindikize. Amekubali kabla sijamaliza kuomba.

Kitindamimba wako

*

16 Aprili

Kinda langu,

Marahaba. Mashine imerudi jana. Dereva alitaka niiwashe kwanza, nikamwambia igeuze. Tukailaza ubavu, nikainama, nikasoma tumboni: saba, sufuri, nne, nne, moja, tisa. Nimesoma mwenyewe. Dereva akasema, mama, kumbe hizi namba ulikuwa unaweza. Nikamwambia siku ile mwanga haukuwa mzuri.

Miwani ni ya kawaida tu, midogo, si kama madirisha ya watu. Daktari alisema macho yangu ni mazuri sana kwa mtu wa umri wangu, au alisema kwa umri wangu ni kawaida, sikumsikiliza hadi mwisho. Jirani alinishika mkono kuvuka barabara kwenda na kurudi. Njiani nikamwambia yote, tangu hatua ya tano. Akasema alijua, kwa sababu mashine za kisasa zina mlio. Huyo mwanamke ni hatari, lakini ana moyo.

Kwa mhudumu nimeandika barua ya kushukuru, na nimemwambia mzee akigonge kile kikombe kibovu kwa nyundo, anitumie vipande, nisije nikasikia kimeingia kwenye mashine ya mtu. Shukrani ni shukrani na tahadhari ni tahadhari. Leo bahasha imekuja. Kimelazwa bapa kama sarafu. Nimekitia kwenye kopo la vifungo.

Marinda kumi na mawili nimeyamaliza kabla ya saa kumi. Nilishona hatua ya nne mguu wangu ukataka kuinuka wenyewe, nikaukatalia. Ya tano ikapita. Ya sita. Nikawa sihesabu tena.

Mashine inakimbia, mwanangu. Nimeshakuandikia neno hilo na hukuwa na sababu ya kuniamini, kwa hiyo mara hii usiniamini. Likizo inaanza tarehe 20. Njoo uione. Utaijua nyumba kwa mlango wa buluu.

Mama yako